Waliosema nisiwazoee wagonjwa walinichelewesha

Nikisema naipenda kazi yangu ya unesi, wenzangu hapa Arua hudhani nimepata cheo au kaposho ka siri. Sina. Mshahara ni uleule.

Ushauri wa kwanza niliopewa kazini ulikuwa huu: "Usiwazoee wagonjwa, watakumaliza." Niliufuata kwa utii. Nikawa hodari wa sindano na mafaili, lakini wa kipindi kile simkumbuki sura hata mgonjwa mmoja. Nilipoanza kuchoka, wakubwa wakaleta dawa nyingine: semina. Tukajazwa hotelini, tukapewa soda na fulana, kisha bwana mmoja wa tai akatuamuru tushikane mikono, tufumbe macho na kutamka, "Mimi ni nuru." Jirani yangu alikuwa ametoka zamu ya usiku. Aliyafumba kweli, akaja kuyafumbua harufu ya pilau ilipoingia. Fulana ile sasa napigia deki. Kisha kuna walionishauri nifungue duka la dawa. Nilifungua, wakakopa, nikafunga.

Kilichonirudisha ni kozi ya tiba shufaa, yaani kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena. Hapa Uganda kozi hiyo si cheti cha kutundika ukutani tu. Tangu 2004 nesi aliyeisomea anaruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini, dawa kali ya maumivu, yeye mwenyewe, bila kumngoja daktari. Njia hiyo ilichongwa na watu wa Hospice Africa Uganda, taasisi ya tiba shufaa kule Makindye, Kampala, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993. Mofini yetu ni ya maji, ya kunywa, na mgonjwa haitolei hata shilingi.

Sasa niwape ya Hajati. Alikuwa na kansa ya titi iliyopasuka ikawa kidonda. Nilimkuta amehamishiwa chumba cha nyuma ya jiko. Wakwe walikuwa wanafukiza udi kutwa, na udi wenyewe ulishindwa. Nilipoingia akasema, "Mwanangu, usisogee, nanuka." Nikavua viatu, nikakaa mkekani pake.

Tulianza na maumivu: mofini kila baada ya saa nne, na ya kulalia mara mbili ya kipimo ili asiamshwe usiku wa manane. Halafu nikatoa ujanja wangu. Vidonge vya metronidazo, vile vya kawaida vya tumbo, nikaviponda kati ya vijiko viwili mpaka vikawa unga laini. Nikakiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikanyunyiza. Mkwe wake alinitazama kama mchawi. Bei yake? Haifiki nauli ya boda iliyonifikisha pale. Tukaendelea hivyo kila kidonda kinapooshwa, na baada ya siku chache harufu ikapungua hata mkwe akasahau kuwasha udi.

Hajati akadai arudishwe chumba chake cha mbele. Akadai hina. Majirani wakarudi kunywa kahawa, naye akawapokea kwa swali moja: "Mlikuwa mmesafiri?" Nilicheka mpaka nikamwaga kikombe.

Mofini hufunga choo, hilo wengi husahau kulisema, kisha wanashangaa mgonjwa anaikataa dawa. Nikamwambia mkwe akaushe mbegu za papai, azisage, ziwe za kulegeza choo. Hajati akaniangalia juu mpaka chini. "Kozi yote hiyo, sista, ulikuwa unasomea mapapai?"

Alipofariki nililia matangani, kwa sauti. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza kuwa hivyo sivyo nesi anavyofanya. Huyohuyo ndiye anayehesabu miaka iliyobaki astaafu. Mimi Jumatatu nilikuwa kazini, na kijana wa Hajati alikuwa ananingoja getini: kuna mzee mtaani kwao ana kansa ya koo, familia inaiogopa mofini, wanasema ndiyo inayoua. Aliniomba niende naye kwa sababu familia hiyo ilimwona mama yake akipiga soga kibarazani huku akiinywa.

Kama nawe unataka kujaribu, omba siku moja ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Usiombe gari, utalisubiri mpaka upate mvi. Beba vijiko viwili vyako mwenyewe, na nafasi kwenye begi, maana kila nyumba itakufungia maembe, na kukataa ni matusi.