Kisomo na Baiskeli: Pudukkottai Nikiitazama Kutoka Tanga

Hapa Tanga mwanamke juu ya baiskeli hamshangazi mtu. Kina mama wenye mabaibui huenda nazo Ngamiani bila yeyote kugeuza shingo. Pengine ndiyo maana habari za Pudukkottai, wilaya ya vijijini katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, zimenivutia kuliko takwimu nyingi za elimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, harakati ya kisomo iliyoitwa Arivoli Iyakkam ilienea wilayani humo, na mkuu wa wilaya wa wakati huo, Sheela Rani Chunkath, akaona kwamba mwanamke asiyeweza kutoka kwake bila kupelekwa na mume au kusubiri basi atapata taabu kufika darasani, sembuse kwenda kufundisha wenzake kijiji cha pili. Baiskeli ikafundishwa pamoja na herufi. Maelfu ya wanawake, wakiwamo vibarua wa mashamba na wa machimbo ya mawe, walijifunza kuendesha. Za kike zilipoadimika walichukua za kiume, na wapo waliozipenda zaidi, kwa kuwa kile chuma kati ya tandiko na usukani humkalisha mtoto vizuri.

Nasi tulikuwa na kisomo chetu, kwani 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na sifa zake ni za haki. Hata hivyo, kwa maoni yangu, suala la mama kufikaje darasani baada ya shamba, kuni na maji tuliliachia familia yake.