Kumi Hiyo ni Mzigo, au Pamoja na Gari?

Nimefika Ngamiani, Tanga mjini, saa tano usiku, mgongo unauma, ila silali kabla sijaandika hili.

Mchana tulipakia mkonge shambani, upande wa Muheza. Marobota 32, kila moja kilo 250, yaani tani 8 kamili. Nikachepuka njia ya vumbi inayopita kwenye michungwa ili kuwahi. Mbele ya daraja dogo kuna kibao cha duara, ukingo mwekundu, katikati 10 t. Nikajisemea nane iko ndani ya kumi, nikaingiza gia. Utingo wangu, kijana mwenye miezi minne tu kwenye gari, akauliza: "Kaka, kumi hiyo ni mzigo, au pamoja na gari?"

Nikakanyaga breki.

Miaka 11 nashika usukani, na jibu nalijua tangu chuo cha udereva: kibao kile kinahesabu kila kitakachokanyaga daraja, chuma na mzigo. Lakini kichwani tunahesabu mzigo, kwa sababu mzigo ndio tunaolipwa. Madereva tukiulizana njiani "umebeba tani ngapi", hakuna anayetaja uzito wa Fuso yenyewe. Nikatoa kadi ya gari: bila mzigo, kilo 5,900. Jumlisha mkonge, karibu tani 14, bado sisi wawili. Na chini ya daraja lile kulikuwa na kina mama wanafua.

Pa kugeuzia hapakuwepo. Hili ndilo linaloniuma. Kibao kimesimikwa hatua chache kabla ya daraja, wakati njia panda ya mwisho tuliiacha zaidi ya kilomita moja nyuma. Kibao cha namna hii kiwekwe njia panda, dereva achague mapema. Tulirudi kinyumenyume umbali wote ule, kijana nyuma anapiga bodi: kofi moja simama, mawili twende.

Kuna kibao ndugu yake ambacho kimechorwa ekseli, yaani mhimili unaobeba tairi za kushoto na kulia, pamoja na namba. Hicho kinataja uzito wa kila ekseli, si wa gari zima. Waliozoea mizani wanakielewa haraka: sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne. Jumla yako inaweza kuwa sawa na bado ukazuiwa, kwa kuwa marobota yamerundikwa nyuma.

Upana nao una yake. Namba iliyobanwa na mishale kutoka kushoto na kulia ni upana. Ikibanwa juu na chini ni kimo. Usiku, kibao kikiwa na vumbi, nimeshawahi kuchanganya. Jioni hii tumepima kwa futikamba: bodi mita 2.35, ncha ya kioo hadi ncha ya kioo 2.8. Vioo vinakunjwa, lakini lazima nijue kabla sijafika kwenye nguzo.

Namba hizo nimeziandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa upande wa utingo, aziseme yeye kila tukikuta kibao. Kimo bado. Kesho asubuhi, kabla hatujashusha mkonge bandarini, atapanda juu ya turubai na futikamba, mimi nishike ncha ya chini.