Saa Nne na Dakika Kumi

Fomu ya kuripoti tukio ilikuwa na kisanduku kidogo cha kujaza muda. Mama mhasibu alikuwa ameandika humo kwa wino wa bluu: 4:10. Basi. Hakuna asubuhi wala usiku, na kisanduku chenyewe hakikuacha nafasi ya kuongeza neno.

Ilikuwa Agosti 2019. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, nipo fildi kwenye kitengo cha TEHAMA cha ofisi moja ya Serikali mjini humo humo. Wenzangu wengi msimu ule waliishia kuvuta nyaya na kubadilisha tona za printa, na hadi leo jambo hilo linaniuma, maana mwanafunzi anayesoma usalama wa mtandao hujifunza siku anapoona shambulio la kweli na watu walioguswa nalo. Mimi nilimpata msimamizi aliyeamini hivyo. Alinikalisha pembeni yake akanipa daftari. “Kila ninachogusa, andika. Na saa niliyokigusa.”

Tukio lenyewe lilianza na simu. Mzabuni mmoja aliuliza kwa nini mhasibu wetu amemwandikia barua pepe akimtaka atume “ada ya kuharakisha malipo” kwa namba ya simu asiyoijua. Mungu bariki, alipiga kabla ya kutuma. Mama mhasibu alipoitwa alishtuka kwelikweli, kwani hakuandika barua hiyo. Alichokumbuka ni kwamba siku mbili nyuma alipokea ujumbe wa kumwambia sanduku lake la barua limejaa, aingize nywila ili liongezwe nafasi. Akaingiza.

Tulifungua mipangilio ya akaunti yake. Palikuwa na kanuni moja, yaani agizo la kupanga barua zenyewe zinapoingia, ambayo hakuiweka yeye, na jina lake lilikuwa nukta tu, ile alama ya mwisho wa sentensi, kiasi kwamba jicho linaipita. Iliagiza hivi: barua yoyote yenye neno “malipo” au “ankara” ihamishiwe kwenye folda ya RSS Feeds, ile ya kupokelea habari za tovuti, na nakala yake iende kwenye anwani ya nje. Nani hufungua folda ile? Majibu ya wazabuni yalikuwa yamejazana humo, na Mama hakuyaona hata moja.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya. “Usiifute,” msimamizi aliniambia. “Piga picha kwanza, hamisha kumbukumbu za mfumo, ndipo tusafishe.” Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa la jinai, kwa hiyo ushahidi unaweza kufika mahakamani, na ukiufuta kwa haraka ya kusaidia, umemsaidia mwizi. Tulipokwisha kunakili, alifunga vipindi vyote vilivyokuwa wazi kwenye akaunti, yaani kila kifaa kilichokuwa kimeshaingia kikatolewa, akaondoa ile kanuni, akabadilisha nywila. Kubadilisha nywila peke yake kungemwacha mgeni ndani, kwa kuwa kipindi alichokwisha kukifungua kingeweza kuendelea, na ile kanuni ingeendelea kumtumia barua.

Mchana kikaitwa kikao. Kumbukumbu za seva zilionyesha mgeni aliingia mara ya kwanza saa 07:12. Ofisa mmoja wa utawala akainua fomu. “Hapa imeandikwa 4:10. Saa kumi alfajiri mhasibu anafanya nini na barua za ofisi? Na mwizi anaingia saa tatu baadaye. Katikati hapo nywila alipewa nani?” Ukumbi ukanyamaza. Mama alikuwa ameshika pochi yake kwa mikono miwili, akitazama meza. Miaka yake yote kazini ilikuwa imewekwa shakani na tarakimu tatu.

Nilimwangalia msimamizi, akaitikia kwa kichwa. Nikasimama, nikaomba radhi kwa wakubwa, nikamgeukia Mama.

“Mama, ile barua uliifungua wakati gani wa siku?”

“Saa nne asubuhi, mwanangu. Tulikuwa ndiyo tumetoka kunywa chai.”

Nikaenda ubaoni. Mama aliandika saa ya Kiswahili, kama tunavyoisema sote: saa nne na dakika kumi asubuhi, ambayo kwenye kompyuta yake ni 10:10. Seva ilikuwa ikiandika kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kwa hiyo 07:12 ya seva ni 10:12 ya Dodoma. Kati ya Mama kuingiza nywila na mgeni kuingia zilipita dakika mbili.

Dakika mbili zilibadilisha kazi yote. Hapakuwa na pengo la kumtafuta msaliti. Nywila ilitumika mara tu ilipoandikwa, hivyo mlango ulikuwa ile barua yenyewe. Msimamizi aliitafuta barua hiyo kwenye masanduku ya ofisi nzima, akakuta imewafikia wafanyakazi wengine, na baadhi yao walikwisha kuingiza nywila zao bila kumwambia mtu. Akaunti zao zilifungwa jioni ile ile, na taarifa ikapelekwa TZ-CERT, kitengo cha kukabiliana na matukio ya aina hiyo kilicho chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Ofisa yule alimwomba Mama radhi mbele yetu, na nilimheshimu kwa hilo. Fomu ilichapwa upya ikiwa na sehemu ya kuweka alama: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kwenye mkutano uliofuata wa wafanyakazi Mama alikubali kusimama na kueleza ukurasa ule wa uongo ulivyofanana na wa kweli. Kuanzia wiki ile simu ya kitengo ilianza kuita kabla watu hawajabofya, na mara nyingi msimamizi alinipa mimi niipokee.