Kibofu katikati ya nyonga mbili za chuma

Nilipomwamkia shikamoo, mzee aliitikia marahaba, kisha akagonga paja la kulia kwa fimbo yake. "Hapa kuna chuma." Akagonga la kushoto. "Na hapa pia, mwanangu." Alikuwa anakojoa damu, na daktari alitaka CT scan, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, kuanzia figo hadi kibofu. Kuzipiga ndiyo kazi yangu. Kibofu kinakaa katikati kabisa ya nyonga zile mbili bandia.

Nilimsikia, lakini foleni ilikuwa ndefu. Nikapiga awamu ya kwanza, ile ya kabla ya dawa ya mshipa inayong'arisha picha, kwa mpangilio wetu wa kila siku, nguvu ya mionzi ikiwa kilovolti 120. Kibofu hakikuonekana. Palikuwa na mkanda mweusi kutoka nyonga hadi nyonga na michirizi myeupe kama miiba ya samaki. Mionzi inayokatiza ubavu kwa ubavu inakutana na chuma mara mbili. Ile dhaifu inanaswa njiani, inayofika upande wa pili ni kidogo mno, na kompyuta inapiga hesabu kana kwamba imepita kwenye nyama tu. Titani ingekuwa na nafuu. Vichwa vya nyonga vya mzee vilikuwa vya kobalti na kromi, na hivyo vinazuia mionzi zaidi.

Kwa awamu zilizofuata nikapandisha hadi kilovolti 140 na kupunguza mwendo wa kitanda. Mionzi aliyopokea iliongezeka, nalijua hilo. Kwa mzee wa umri ule anayetoka damu nalikubali; kwa binti mwenye skrubu za uti wa mgongo ningefikiria mara mbili.

Kisha nikaitumia programu ya kupunguza michirizi. Wazo lake si geni. Willi Kalender na wenzake walilichapisha mwaka 1987. Vipimo vilivyopita kwenye chuma vinatolewa, na pengo linajazwa kwa kukadiria kutoka vipimo vya jirani. Kukadiria, narudia. Ndiyo maana wenzangu wanaotuma picha "safi" peke yake wananiumiza roho. Programu hiyo inaweza kuzua kivuli kipya kando ya chuma, mfupa ukaonekana umeliwa kumbe ni mzima. Mimi natuma seti zote mbili, ya asili na iliyosafishwa, na naziandaa siku hiyohiyo, kwa sababu vipimo ghafi, vile ambavyo picha hutengenezwa navyo, havikai sana kwenye mashine. Vikishafutwa, hakuna cha kurekebisha.

Ukuta wa kushoto wa kibofu ulijitokeza, na juu yake uvimbe mdogo. Daktari wa radiolojia akanipigia simu: "Kwenye picha ya asili upo?" Tukazifungua pamoja. Ulikuwepo, kwa mbali, ndani ya weusi. Mzee akaandikiwa kipimo cha kamera ya kibofu.

Siku hizi, kabla mgonjwa hajalala kitandani, nauliza: chuma kipo wapi, kiliwekwa lini, kadi ya upasuaji iko nyumbani? Mwenye bamba la chuma ndani ya mkono namwomba auinue mkono huo juu ya kichwa, tumbo libaki peke yake. Hilo halihitaji programu yoyote.