Faili za wingu kabla ya kutoka Dodoma mjini

Faili kuonekana kwenye laptopu si kwamba limo. Kwenye OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili mtandaoni (ndiyo "wingu"), alama ya wingu la bluu maana yake umebeba jina tu. Ukifika kijijini huko Kondoa mtandao ukakata, halifunguki. Tiki ya kijani kwenye duara jeupe ni faili lililopakuliwa, lakini Windows inaweza kuliondoa diski ikikaribia kujaa. La kuaminika ni duara lililojaa kijani. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua lihifadhiwe daima kwenye kifaa, subiri mishale inayozunguka iishe. Halafu zima Wi-Fi ufungue faili. Jaribio hili wengi hulipuuza, wanajuta wakiwa wameshafika.

Kurudisha mabadiliko kwenye wingu siku hizi hakuli bando kama zamani. Dropbox, huduma nyingine kama hiyo, hukata faili vipande vya hadi MB 4 na kutuma vilivyobadilika tu. OneDrive nayo huwasilisha sehemu zilizoguswa. Faili la zipu (faili kadhaa zilizobanwa kuwa moja) halinufaiki sana: neno moja likibadilika ndani, sehemu kubwa huandikwa upya.

Mkihariri faili moja wawili bila mtandao, mnaweza kukuta nakala mbili. Msifute yoyote kabla ya kulinganisha.