Zawadi za Krismasi kwa Watoto Tisa wa Nyumba Moja

Kila mwaka, ikifika wiki ya pili ya Desemba, huketi na karatasi nikaandika majina ya watoto wa nyumbani kwetu, na mbele ya kila jina nikaandika umri. Mwaka huu majina ni tisa. Mdogo kabisa ana miezi kumi, mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Saba wananiita shangazi, wawili wananiita mama mkubwa, na Mungu akipenda wote watakuwa kwa Mama, Kibosho, mkoani Kilimanjaro, kuanzia tarehe 22. Wanaotutania kwamba Wachaga huenda kwao kuhesabiwa kila Desemba wanajua kwamba nauli ipande, mabasi yajae, safari hiyo hatuiachi. Kwa kuwa miongoni mwa ndugu zangu ni mimi peke yangu niliyeko Dar es Salaam, kazi ya kununua zawadi iliniangukia miaka mingi iliyopita bila kikao chochote, nami sijawahi kuilalamikia, ingawa nimeikosea mara kadhaa.

Kosa kubwa nililifanya mwaka juzi. Mtoto wa kaka yangu mkubwa, aliyekuwa ametimiza miaka mitano, alikuwa ameugua karibu Novemba nzima, nami kwa kumwonea huruma nikamnunulia gari jekundu la rimoti. Wenzake niliwachukulia miwani ya plastiki, filimbi na zile saa za mkononi ambazo mishale yake haitembei. Tuliporudi kutoka misa ya asubuhi niligawa vitu hivyo pale barazani. Gari lilizunguka uani mara kama kumi, wenzake wakilifuata nyuma kwa kelele, kila mmoja akiomba zamu, kisha mwenye mali akalikumbatia, akaingia nalo chumbani kwa bibi yake, akafunga komeo. Saa saba mchana betri nne zilikuwa zimekwisha nguvu, na maduka yote ya njiapanda yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu. Jioni nilimkuta amelala kando ya gari lake, mashavu yana michirizi ya machozi, na huko nje wenzake walikuwa wamelitoboa boksi la gari lile lile, wakalifunga kamba ya mgomba, wakawa wanamburuta ndani yake mtoto mdogo kuliko wote, naye akicheka mpaka anakwama pumzi. Mama, ambaye alikuwa akimenya ndizi, aliniuliza kwa upole kama pale dukani nilikuwa nimenunua gari au ugomvi.

Tangu siku ile nimeacha kufikiria zawadi ya mtoto mmoja mmoja kana kwamba kila mmoja ataifungua akiwa peke yake sebuleni. Watoto wetu hawapokei zawadi hivyo. Wanaipokea mbele ya wenzao wanane, wanailinganisha hapo hapo, na kwa muda wa siku kumi zinazofuata wanaishi nayo katika ua mmoja. Na kwetu hakuna wa kumsingizia: Baba Krismasi mwenye ndevu nyeupe wanamwona kwenye televisheni, lakini wanajua vizuri kwamba kilichomo ndani ya begi kimetoka kwa shangazi, kwa hiyo shukrani na malalamiko yote huletwa kwangu moja kwa moja.

Jambo ambalo wazazi wengi hulisahau ni kwamba mtoto wa miaka minne hajui bei, bali anajua ukubwa na idadi. Ukimpa mmoja kitabu cha shilingi elfu kumi na mwenzake mpira wa plastiki wa shilingi elfu tatu, atakayelia ni yule wa kitabu. Kwa hiyo siku hizi sihesabu fedha ninapotafuta usawa, nahesabu vitu: kila mtoto anapata kimoja cha kuvaa na kimoja cha kuchezea, na vile vya kuchezea navipanga sakafuni hapa nyumbani kabla ya kuvifunga, nikachuchumaa mpaka macho yangu yawe sawa na macho ya mtoto, nione kipi kinajitokeza kupita vingine. Kinachojitokeza mno nakibadilisha au nakifanya cha wote.

Manunuzi nayafanya Kariakoo, mapema asubuhi ya siku ya kazi, kwa sababu Jumamosi ya Desemba katika Mtaa wa Kongo mtu huchukuliwa na umati kama gogo mtoni, na ukirudi nyumbani na pochi yako umshukuru Mungu. Wauza midoli hawapendi mteja anayechunguza, lakini mimi nachunguza. Napitisha kidole kwenye kingo za plastiki, navuta macho ya mwanasesere nione kama yameshonwa au yamegandishwa tu kwa gundi, nanusa, kwa kuwa plastiki yenye harufu kali ya rangi sitaki iingie kinywani mwa mtoto. Kwa walio chini ya miaka mitatu nina kipimo kinachowachekesha wauzaji: natembea na kile kiini cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni inapokwisha, na kitu chochote kinachopita ndani yake, au chenye kipande kinachoweza kung'oka na kupita, sikinunui, kwa sababu kinaweza kumkaba mtoto.

Kwa nini niwe mkali hivyo? Miaka michache iliyopita mdogo wangu alimletea binti yake mwanasesere anayeimba akibonyezwa tumbo. Kwa mgongo palikuwa na kifuniko kidogo kisicho na skrubu, unakisukuma kwa kidole gumba kinafunguka. Siku ya pili kilikuwa kimefunguka, na Mama, ambaye macho yake ya mbali bado ni makali, alimwona mtoto wa mwaka mmoja na nusu akitafuna kitu ambacho hakuwa amepewa. Alimtia kidole kinywani akatoa betri bapa inayong'aa, ya ukubwa wa sarafu. Mshipa wangu wa shingo hunipiga kila nikikumbuka. Betri za namna hiyo zikikwama kwenye koo la chakula hazisubiri kuvuja ndipo ziharibu: umeme wake ukikutana na unyevunyevu wa mwili hutengeneza kemikali inayounguza nyama za ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea katika muda wa saa mbili tu. Mtoto akishukiwa kumeza betri asitapishwe wala asisubiriwe mpaka kesho, bali akimbizwe hospitali yenye mashine ya eksirei. Kutoka kwetu hadi hospitali ya namna hiyo ni safari, na usiku wa sikukuu ni safari ndefu zaidi. Basi kifuniko kisichofungwa kwa skrubu hakiingii tena begini mwangu, kiimbe nyimbo gani.

Na baluni? Zinapendeza, ni rahisi, na kila muuzaji anazo, ila kipande cha baluni iliyopasuka kikivutwa kooni na mtoto mdogo huziba njia ya hewa kabisa. Tulikuwa tukizigawa kwa watoto wa jirani. Tumeacha.

Kilichobaki na kushinda vyote ni mpira na kamba. Mpira mmoja wa ngozi ya bandia, saizi namba 3 au namba 4, unawachezesha watoto tisa na wa jirani sita kutwa nzima, wavulana wakiupiga danadana na wasichana wakiunyang'anya kwa ajili ya rede, na hakuna anayeuliza ni wa nani. Namba 5 ni ya vijana wakubwa na watu wazima. Mguu wa mtoto wa miaka sita huusukuma kwa shida na kidole hubaki kinauma. Ila mpira kwetu una adui yake, nayo ni ardhi. Kibosho ni mteremko mtupu, na mpira ukitoka uani hupita katikati ya migomba, ukaangukia kwenye mfongo, yaani ule mfereji wa asili unaoleta maji mashambani, na maji yakiwa mengi utaufuata kwa majirani wanne. Kwa hiyo nanunua miwili. Husafiri bila upepo, imekunjwa kama chapati chini ya nguo, maana buti la basi la Desemba halina nafasi na kondakta atakutoza mzigo kwa kila kinachotokeza. Mwaka jana nilifika na mipira miwili mizuri, pampu nikaazima kwa fundi baiskeli, halafu nikagundua kwamba sikununua sindano ya kujazia upepo. Sindano ya shilingi mia chache ilitulaza siku mbili watoto wakiutazama mpira uliosinyaa.

Nguo nazo zina kanuni yake, kwa sababu nguo ya sikukuu hutolewa kabla ya Krismasi, tarehe 24 mchana, ivaliwe kanisani, na mtoto anayepewa nguo saa sita mchana ya tarehe 25 ameshaaibika. Utotoni mwetu Mama alinunua kitambaa cha jora moja, fundi akatushonea wote, tukaingia kanisani kama kwaya iliyopotelewa na mwalimu wake. Nilichukia wakati ule, lakini sasa naona alikuwa ametatua tatizo la usawa kwa mkato mmoja wa mkasi. Mimi nanunua tofauti, na shida yangu ni vipimo, kwani mtoto niliyemwona Desemba iliyopita si yule nitakayemkuta. Wifi yangu alikuwa akinitumia picha ya wayo uliochorwa kwenye karatasi, bila kufikiri kwamba picha kwenye simu haina urefu wake wa kweli. Mwaka huu nimemwomba aweke rula kando ya mchoro, nami naongeza upana wa kidole kimoja mbele ya vidole vya mguu.

Kaka yangu wa pili ana hoja yake ambayo huirudia kila mwaka, kwamba fedha hizi zote zingenunua madaftari na sare, kwa sababu shule zinafunguliwa Januari na elimu kutokuwa na ada hakumpunguzii mzazi viatu vyeusi wala mkoba. Anasema kweli kuhusu Januari. Lakini mtoto wa miaka saba aliyefungua karatasi ya maua akakuta madaftari sita anajua kabisa kwamba amelipwa deni, hakupewa zawadi, na utamwona usoni. Tulipatana hivi: sare ni ya baba, mimi nitatoa penseli za rangi na karatasi nyeupe kwa wote, na kitabu kimoja cha hadithi cha Kiswahili chenye picha kubwa, ambacho mkubwa wao huwasomea wenzake mkekani wakati watu wazima wanachinja mbuzi. Kitabu cha mwaka jana kimechanika jalada na kurasa mbili, jambo ambalo nimelipokea kama sifa.

Watoto wa jirani nimeshawawekea biskuti na peremende katika mfuko wa pembeni. Mtoto wa miezi kumi anapata bakuli tatu za plastiki zinazoingiana na kijiko cha mti, na mama yake asinicheke, maana nimeshamwona mwanawe akiwa na sufuria za bibi yake. Sindano ya mpira imo ndani ya pochi yangu, karibu na tiketi.

Linalonisumbua bado ni mvulana wa miaka mitatu. Nilipita Mwenge kwenye soko la vinyago nikaona ngoma ndogo, ya mti na ngozi, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, na nilipoigonga ilitoa sauti safi ambayo sikuitegemea. Niliinunua pale pale. Juzi nikampigia Mama simu kumuuliza kuhusu ndizi, nikaitaja kama mtu anayepitapita tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba nyumba ile ina bati jipya, na kwamba kama nitakuja na ngoma nitalala nayo mimi na mtoto huyo kwenye chumba cha mwisho, karibu na zizi. Ngoma iko hapa mezani. Naigonga mara moja moja nikiwa jikoni.