Upande wa kulia umerudi

Amplifaya ya mjomba hapa Ngamiani, Tanga, ya Kijapani, ya miaka ya 1970, ilikuwa inakata upande wa kulia. Ukiongeza sauti inarudi ghafla, ukipunguza inapotea tena. Fundi mmoja alishamwambia ni transista za kutoa sauti, zibadilishwe zote. Nikasema ngoja kwanza.

Nikaiwasha kupitia balbu ya wati 100 iliyofungwa kwa mfuatano kwenye waya wa umeme. Balbu ikawaka kwa nguvu, kisha ikafifia: kapasita kubwa, zile zinazohifadhi umeme ndani, zimejaa, hakuna shoti. (Ingebaki inawaka vile vile, ningechomoa palepale.) Kabla ya rilei ya spika (swichi ya umeme inayounganisha amplifaya na spika), mita ikaonyesha milivolti 20 tu za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Transista ikiungua, mara nyingi utakuta volti nyingi pale, na rilei inakataa kabisa kuunganisha spika.

Basi mashaka yakabaki kwenye rilei yenyewe. Nikazima, nikazitoa kapasita chaji kwa rezista, nikaifungua: vidoti vyake vya kugusana vyeusi tii. Miaka yote hiyo na hewa ya chumvi ya Tanga, ulitegemea nini? Msikwangue kwa msasa jamani, fedha iliyopakwa juu ni nyembamba. Kupitisha karatasi ngumu yenye spiriti kati ya vidoti inatosha kujua kama ugonjwa ndio huo. Ndio wenyewe. Nimeagiza rilei mpya ya volti 24.

Mjomba hajasubiri. Keshaweka kanda ya taarab ya kikundi cha Black Star, majirani wanauliza sherehe ya nani.